Dereva kakasirika au anawahi hesabu? Hasira za barabarani zinapimwaje

Asubuhi moja hapa Mwanza nimepanda haisi ya mjomba, daladala, kutoka Kisesa, siti ya mbele, konda kaning'inia mlangoni anaita mjini mjini mjini, tulipokaribia Buzuruga bodaboda mmoja akatuchomekea kama vile barabara kaachiwa urithi na babu yake. Mjomba akapiga honi ndefu, akatoa kichwa dirishani, akamwambia yule kijana maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu siku hizi mama yangu naye ana simu ya tachi. Halafu akarudisha kichwa ndani na kuendelea na stori aliyokuwa ananipigia ya shamba la mpunga kule Magu, palepale alipoishia, sauti ileile, wala pumzi haijapanda.

Nikamuuliza, mjomba, umekasirika? Akanishangaa kweli. "Nikasirike na nini sasa?"

Konda nyuma akacheka hadi akakosea chenji ya mtu.

Sasa hilo jibu limenikaa kichwani kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma soma jinsi wanasaikolojia wanavyopima hasira za madereva, na nilidhani ni jambo jepesi tu, unamuuliza mtu, unahesabu matusi, basi. Kumbe ni mtihani. Na sehemu kubwa ya mtihani wenyewe iko kwenye kile alichonijibu mjomba, yaani hasira ni kitu kimoja na ubabe wa barabarani ni kitu kingine, vinatembea pamoja mara nyingi ila sio mapacha, na ukipima kimoja ukadhani umepima vyote viwili unapata majibu ya ajabu.

Hasira iko ndani ya mtu. Ubabe uko barabarani, unaonekana: kuchomekea, kumbana mtu nyuma hadi taa zako zinamjaa kwenye kioo, kutanua pembeni kwenye vumbi, kupiga honi za kutukana. Kuna mama namfahamu anaendesha Vitz, kila siku anafika kazini anatetemeka kwa hasira za barabara ya Nyerere, lakini hajawahi kumchomekea mtu hata siku moja, anaachia njia, anasubiri, anaumia peke yake kimyakimya. Halafu kuna mjomba, ambaye anachomekea tangu Igoma mpaka mjini huku anapiga stori za mpunga. Ukiwapima hasira yule mama atakuwa juu na mjomba chini. Ukiwapima ubabe wanageuka. Swali linakuja, yupi wa hatari?

Wanasaikolojia wana namna ya kulitenganisha hili, kuna ubabe unaotoka moyoni, wa kutaka kumuumiza au kumkomesha aliyekuudhi, na kuna ubabe wa kutafuta kitu, mtu anakusukuma sio kwa sababu anakuchukia, anataka tu nafasi uliyosimama. Dereva wa daladala mwenye hesabu ya tajiri kichwani, yaani pesa ya kila siku anayotakiwa kumpelekea mwenye gari, yuko zaidi kwenye huo wa pili. Abiria watatu pale kituoni ni pesa, na haisi nyingine ya ruti hiyohiyo ikiwahi kuwabeba hiyo pesa imekwenda, hivyo anaiovateki kwenye kona. Hapo hakuna hasira, ni biashara.

Ila vipimo vingi tulivyonavyo vimetengenezwa kwa watu wanaoendesha magari yao wenyewe kwenda kazini.

Kipimo maarufu kuliko vyote kilitoka Marekani mwaka 1994, pale Chuo Kikuu cha Colorado State, mtu anaitwa Jerry Deffenbacher na wenzake. Walichukua wanafunzi wa chuo zaidi ya 1,500 wakawapa orodha ya matukio ya barabarani, na kwa kila tukio unajibu ungekasirika kiasi gani, kuanzia 1 maana yake sijali kabisa mpaka 5 maana yake nachemka. Baada ya kuchuja wakabaki na matukio 33, na kuna toleo fupi la 14. Kilichonivutia ni kwamba hayo 33 walivyoyachambua kihesabu yakajigawa yenyewe kwenye mafungu sita: watu kukuonyesha ishara za dharau au kukuzomea, madereva wengine kuvunja sheria, kuwepo kwa polisi, magari yanayokwenda taratibu, watu wasio na ustaarabu kama anayekuibia nafasi ya kupaki, na vizuizi vya njia kama foleni na matengenezo ya barabara.

Angalia vizuri, kipimo hiki kinauliza UNGEKASIRIKA kiasi gani. Hakiulizi ungefanya nini. Wenyewe waliliona hilo pengo, ndo maana mwaka 2002 wakatoa kipimo cha pili, kauli 49, hiki sasa kinauliza ukikasirika unafanyaje, na majibu yake yana njia nne: wa mdomo, yaani anayetukana; wa mwili, yaani anayeshuka kwenye gari au kuonyesha ngumi; anayetumia gari lenyewe kama silaha, anakuwashia ful taa au anakufungia njia; na wa nne ambaye huwa anasahaulika, yule anayeishusha hasira yake, anavuta pumzi, anawasha redio, anajiambia ngoja nifike salama. Hawa wa nne wapo na ni muhimu kuwapima, maana mama wa Vitz, hata kama anafika anatetemeka, yuko karibu na hawa kuliko wale watatu.

Kuna jambo jingine hapa ambalo watu huwa wanalichanganya. Hasira ya tabia na hasira ya saa hiyo. Kipimo cha Colorado kinatafuta ile ya tabia, kwamba wewe ni mtu wa kuwaka haraka barabarani au la. Lakini hata mwenye tabia hiyo haendeshi akiwa kanuna saa 24. Deffenbacher na wenzake waliwahi kuwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, wale waliopata alama za juu na wale wa chini, na njia ilipojaa vikwazo, magari yamewabana, wale wenye hasira za juu walikuwa na uwezekano mara mbili wa kugonga. Kwa hiyo ile tabia ni kama petroli, inakaa kwenye tenki haina shida, inasubiri kiberiti.

Basi mimi nikajifanya mtafiti. Nikayaandika maswali yangu kwa Kiswahili, kwa kufuata yale mafungu sita, sio maswali yao, nikayapeleka kwa mjomba mchana gari likiwa kwenye foleni ya kupakia.

Kwanza nikakwama kwenye namba. Nilitaka kila namba iwe na neno lake ili asichanganyikiwe, sasa Kiswahili tuna kukereka, kuudhika, kukasirika, kughadhibika, kupandwa na mori, unadhani zinapangika kama ngazi, lakini jaribu uone. Kuudhika iko juu ya kukereka au chini? Mimi nasema juu, konda anasema chini, mjomba anasema kuudhika ni kwa mke wako na kukereka ni kwa watu baki. Na "mori" kwake sio hasira ya barabarani kabisa, mori ni ya vita au ya ng'ombe dume. Dakika kumi zimepita hatujajibu hata swali moja. Hapo ndo nikaelewa kwa nini watu wanaotafsiri hivi vipimo huwa wanatafsiri kwenda na kurudi, mmoja anapeleka kwenye lugha mpya, mwingine ambaye hajaona ya kwanza anairudisha, halafu wanalinganisha kama bado ni maneno yaleyale.

Tukaanza. Fungu la magari ya taratibu nikamuuliza, mkokoteni uko mbele yako pale Mabatini na huwezi kupita, unakasirika kiasi gani? Akasema moja. Ng'ombe wanavuka Kisesa? Moja, utamkasirikia ng'ombe? Bajaji inatambaa katikati ya barabara? Tano, tena akaongeza andika sita. Unaona shida yake hapo, kule Colorado "gari la taratibu" ni kitu kimoja kwenye akili ya anayejibu, huku kwetu ni vitu vitatu na vina hasira tofauti, maana mkokoteni ni mtu anatafuta riziki kwa jasho na ng'ombe hana leseni, lakini bajaji ni mshindani, inabeba abiria wako.

Fungu la polisi nalo likanishangaza. Nikamuuliza ukiona trafiki kasimama na tochi ya kupima mwendo mbele unajisikiaje. Akasema hasira hana, anajisikia umaskini. Kuna faini, na siku ukipigwa tochi hesabu ya tajiri haipungui, inapungua ya kwako. Nikabaki na karatasi sijui niandike namba gani, maana alichonieleza ni woga wa pesa, na karatasi yangu haina sehemu ya woga.

Usidhani ni sisi tu. Waingereza walipokichukua kipimo hichohicho mwaka 1998, Timo Lajunen, Dianne Parker na Stephen Stradling, yale mafungu sita hayakukubali. Wakabaki na maswali 21 na mafungu matatu tu: kucheleweshwa njiani, uendeshaji wa hovyo wa wengine, na uadui wa moja kwa moja. Na hao wanazungumza Kiingereza kilekile na Wamarekani. Sasa kama Uingereza na Marekani haviendani, wewe unachukua fomu unaitafsiri unaigawa pale stendi ya Nyegezi na kutangaza kwamba madereva wa Kanda ya Ziwa wana hasira asilimia kadhaa, hiyo ni nini?

Hapa kuna maneno mawili ya wataalamu ambayo ukiyaelewa umeelewa nusu ya mambo yote ya vipimo. Chukua mizani ya samaki. Mizani ambayo ukiweka sangara yuleyule mara tano inakupa majibu matano tofauti hiyo ni mbovu, haina uthabiti. Lakini kuna mizani nyingine, mara tano zote inakupa jibu lilelile, ila kila mara imezidisha nusu kilo. Hiyo ni thabiti kabisa na inakudanganya, kinachokosekana hapo ndo neno la pili, uhalali, yaani kupima kweli kile unachodai kupima. Kipimo cha Colorado kwenye uthabiti kiko vizuri, alama yake ni kama 0.90 kwa lile toleo refu na 0.80 kwa fupi, ambapo 1 ndo mwisho wa ubora. Lakini alama hiyo inakwambia tu kwamba maswali yanasema lugha moja. Haikwambii kama lugha hiyo ni ya hasira iliyoko barabarani au ya mtu anavyojiona akiwa kakaa kitini na kalamu mkononi.

Na tofauti ya hivyo viwili ilishaonekana zamani, kwa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote.

Mwaka 1968, Anthony Doob na Alan Gross waliweka gari kwenye mataa huko California. Taa ikiwa kijani gari haliondoki. Limekaa tu. Pembeni kuna watu wamejificha wanahesabu sekunde hadi aliye nyuma apige honi. Mara nyingine ni gari la kifahari, jipya linang'aa, mara nyingine ni gari la zamani limechakaa. Waliokutana na lile chakavu, asilimia 84 walipiga honi, waliokutana na la kifahari ni asilimia 50 tu, tena hao walichelewa zaidi. Na kuna wawili hawakuhangaika na honi, waligonga bampa la lile chakavu.

Lakini utamu uko kwenye sehemu ya pili ambayo watu hawaisimulii. Wakachukua wanafunzi wengine wakawauliza kwenye karatasi tu, wewe ungefanyaje, ungemwahi yupi kwa honi? Wanaume wakajibu wangemwahi yule wa gari la kifahari. Kinyume kabisa cha kilichotokea barabarani! Yaani kwenye karatasi kila mwanaume ni shujaa wa wanyonge, kwenye mataa anamwonea mwenye gari bovu.

Mimi sihitaji kwenda California. Miaka miwili nyuma kagari kangu, hako bebi woka, kalizima pale Mkuyuni kwenye kupanda, saa mbili asubuhi. Sijui hata kama nilimaliza kusema eeh Mungu wangu honi zikaanza, nyuma mpaka sijui wapi, na kuna mmoja alipita pembeni akaniuliza kama gari nimeokota. Baadaye mwaka huohuo nikaazimwa shangingi la shemeji kumpeleka mgonjwa Bugando, nikakosea njia, nikasimama katikati ya barabara nasoma simu, dakika nzima. Kimya. Dereva wa nyuma akazunguka taratibu, na alipofika usawa wangu akanipungia mkono. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, sijui kama unanielewa.

Sasa kabla hujasema basi tuachane na makaratasi tuhesabu honi, subiri. Honi ya California mwaka 1968 ilikuwa na maana moja, sogea. Honi ya Mwanza ni lugha. Mjomba anapiga fupi mbili kumsalimia mwenzake wa ruti, anapiga fupi tatu tatu kumwita mtu aliyesimama mbali na barabara ambaye pengine ni abiria, kuna ya kumtahadharisha mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi, kuna ya asante akiachiwa njia, kuna ya kumwita mama ntilie alete chai, na kuna ile ndefu ya yule kijana wa bodaboda. Siku hiyo niliyopanda nilihesabu kutoka Igoma hadi Mlango Mmoja nikafika honi 61 nikaacha, na kwa macho yangu za ugomvi zilikuwa mbili. Mtafiti mgeni angeandika 61.

Na hivi vipimo vya maswali vinaibeba honi vilevile. Kile cha James Reason na wenzake wa Manchester, cha mwaka 1990, kina maswali 50 kuhusu tabia za dereva, na kazi yake nzuri ilikuwa kutenganisha makosa ya bahati mbaya, usahaulifu, na uvunjaji wa makusudi. Baadaye watu wa timu hiyohiyo wakaugawa uvunjaji wa makusudi mara mbili, wa kawaida kama mwendo kasi na wa ubabe, na kwenye ule wa ubabe moja ya dalili ni kupiga honi kuonyesha umekereka na mwingine. Kwa maneno hayo mjomba anajibu kwa uaminifu kabisa, mara chache. Ila ukisema tu "unapiga honi mara ngapi" umeharibu kila kitu.

Joto nalo lilipimwa kwa honi. Douglas Kenrick na Steven MacFarlane, 1986, mji wa Phoenix huko Arizona, jangwani, gari linaganda kwenye taa ya kijani, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyozidi, hasa kwa waliokuwa wameshusha vioo, yaani magari ambayo pengine hayana eesii. Hili nalileta kwa sababu tunapenda kusema madereva wa daladala wana tabia mbaya, wamelelewa vibaya, na hatumwoni mtu aliyekaa juu ya injini ya haisi tangu saa kumi na moja alfajiri na jua la saa nane linaingia kwenye kioo cha mbele. Mwenye shangingi ana eesii. Ukiwapima hao wawili na fomu moja umempima dereva au umepima eesii?

Kuna wanaosema tuachane na maneno tuweke mashine mwilini. Mapigo ya moyo, jasho la kwenye vidole, kamera ya kusoma uso. Inasaidia, ila mwili hauna lebo. Moyo unapanda kwa hasira, unapanda kwa woga, unapanda kwa kahawa mbili za tangawizi, unapanda mtoto akikatiza mbele yako ghafla. Jasho Mwanza mwezi wa tisa sihitaji hata kulielezea. Mashine inakwambia mtu huyu kaamshwa na kitu, haikwambii kitu gani.

Na vile vifaa vya kwenye mabasi ya mikoani, ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanafuatilia mwendo wa basi, ukizidisha kinapiga kelele, hivyo vinapima gari. Ni vizuri tu, mwendo ndo unaua na sio kununa. Lakini mtu asikwambie kwamba kifaa kinachohesabu breki za ghafla kinapima hasira. Ukitoka Usagara kuelekea Misungwi jioni mbuzi wanarudi nyumbani, breki tatu za ghafla ndani ya kilomita tano, kwenye kompyuta unaonekana mbabe wakati umeokoa mbuzi wa watu.

Namba moja ambayo huwa inasambazwa sana ni ile ya mara kumi, kwamba dereva mwenye hasira ana uwezekano wa ajali mara kumi. Chanzo chake ni utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2016, magari ya watu zaidi ya 3,500 yalifungwa kamera ndani kwa miaka, watu wanaendesha maisha yao ya kawaida, kisha wakaangalia picha za sekunde za mwisho kabla ya ajali. Namba yenyewe ni 9.8. Na ni kazi nzuri kwa sababu hakuna aliyeulizwa, wameonekana. Ila soma kilichohesabiwa: hasira inayoonekana, PAMOJA na huzuni, kulia, kuchanganyikiwa. Vyote kapu moja. Aliyetoka msibani na aliyetoka kutukanwa wako humo. Halafu hasira isiyoonekana usoni haimo, mama wa Vitz kwenye ile kamera ni mtulivu kama ziwa la saa kumi na mbili asubuhi.

Nikafika mahali nikawa najiuliza kwani lazima tumpime dereva moyoni? Kuna kazi ilifanyika kwa majirani zetu Kenya na James Habyarimana na Billy Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, hawa hawakupima hasira ya mtu yeyote. Walibandika stika ndani ya matatu, zinawaambia abiria pazeni sauti dereva akiendesha vibaya, basi. Magari mengine yakapata stika na mengine hayakupata, kwa bahati nasibu, kisha wakaenda kuhesabu madai ya bima. Kwenye jaribio la kwanza madai yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili, walipofanya kubwa zaidi, matokeo yakatoka 2015, yakashuka kwa robo hadi theluthi. Imepungua, sawa, ila hata robo ya madai kwa karatasi ya gundi sio mchezo. Na ukifikiria inaingia akilini, kama ubabe wa daladala ni wa biashara na sio wa moyo, basi dawa yake sio kumfundisha dereva kuvuta pumzi, ni kubadilisha hesabu, abiria wakianza kelele ubabe unakuwa hasara.

Nilimsimulia mjomba hilo. Akasema abiria wa Mwanza hawawezi kumpigia kelele yeye. Mama mmoja wa siti ya katikati, kapakata ndoo ya dagaa, akasema we baba endesha tu, tukisema mnatushusha. Gari zima likaguna.

Jambo la mwisho nililofanya sikulipanga. Mjomba alishuka kwenda kunywa chai, fomu yangu ikabaki kwenye dashibodi, konda akaichukua akaniuliza hii naweza kujaza na mimi? Nikamwambia jaza, ila mjazie mjomba, sio wewe, wewe ndo unashinda naye. Kumbe hili nalo ni jambo ambalo watafiti wanalifanya, unamuuliza wa pembeni, mke, mtoto, anayekaa siti ya abiria. Konda akajaza kwa kujisikia kweli, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.

Nikazilinganisha karatasi mbili. Kwenye kutukanwa mjomba kajipa 2, konda kampa 2. Foleni, 1 na 1. Nilikuwa nasubiri konda amchome lakini wapi, hata kwenye bajaji walikubaliana. Walipoachana ni swali moja tu, lile la haisi nyingine ya ruti yenu kukuovateki karibu na kituo chenye watu. Mjomba kajipa 1. Konda kampa 5, kaikoleza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mjomba aliporudi nikamwonyesha. Akaiangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hapo sio hasira," akasema. "Hapo napiga hesabu."

"Mjomba," konda akamwambia, "ukiwa unapiga hesabu unang'ata meno."

Kisha haisi ya nyuma yetu ikapiga honi, fupi mbili, zamu yetu ya kupakia imefika.